Kulinda Kilima Kitupu

Gari lilikuwa limeshaanza kuteremka. Germain, dereva, alilibana kwa breki kwa sababu njia ya kilima kile ni mifereji mitupu iliyochimbwa na mvua, na Mama Clotilde alikuwa ametoa kichwa dirishani, bado ananielekeza. Nilitembea kando, kiganja changu juu ya mlango, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

"Usimwagilie, papa Mahamudu. Hata ukiona mti unakufa. Usimwagilie, usipalilie, usiuwekee kivuli."

Nikajibu ndiyo. Akarudia habari ya moto, akarudia habari ya mbuzi. Nikajibu ndiyo. Kisha Germain akapata sehemu iliyonyooka, akaachia breki, na mlango ukateleza kutoka mkononi mwangu. Nilibaki nimesimama hadi vumbi likatua, na hata lilipotua sikuondoka mara moja, maana sikuwa na pa kuharakia.

Mama Clotilde alikuwa mtafiti wa miti kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kutafuta namna ya kurudisha msitu mahali ulipomalizwa, na mahali hapo alikuwa amepachagua vizuri. Kilima kiko nyuma ya Panda, mtaa wa Likasi, upande wa barabara ya Kambove. Zamani miti yake ilikatwa kulisha matanuru ya shaba. Iliyosalia wakaja kuimaliza watu wa makala, wachoma mkaa. Visiki vilivyotaka kuchipua vilichomwa na moto wa kila mwaka, na moshi wa viwanda ulishuka juu ya kilichobaki ukaingia ardhini. Walipokuja yeye na wanafunzi wake, hapakuwa na kitu ila majani makavu na vichuguu.

Aligawa kilima vipande vinne. Cha kwanza walipanda miche iliyokuzwa kitaluni. Cha pili walimwaga mbegu tu. Cha tatu waliacha visiki vya zamani vijichipulie vyenyewe, ila moto ukae mbali. Cha nne hawakufanya lolote, ili wajue ardhi ikiachwa peke yake inafanya nini. Kila mche na kila kisiki kiliwekewa kigingi cheupe chenye kibati cha namba.

Mti aliousumbukia zaidi ni mulombwa. Watu wa Tanzania wanauita mninga. Niliujua Kigoma nilipokuwa napakua mbao, na kitanda chochote kizuri ulichowahi kulalia huenda kilitokana nao. Mulombwa mchanga una tabia yake. Kiangazi kikija, kila kilicho juu ya ardhi kinakufa. Kijiti kinakauka, upepo unakivunja, huoni kitu. Chini mzizi unaendelea kushuka. Mvua ikirudi, kijiti kipya kinatoka, na kiangazi kinachofuata kinakufa tena. Miaka inapita hivyo, mpaka mzizi upate nguvu ya kusimamisha shina. Kwa hiyo ukiutazama wakati wa ukame huwezi kujua kama umelala au umekufa. Lazima ungoje mvua.

Miche yake ilikuwa inaingia kiangazi cha tatu, na hicho, alisema, ndicho cha kuamua. Kama mizizi imeshapita udongo ule wenye sumu ya shaba, itachipua kwa mvua ya kwanza. Kama haijapita, basi. Wenye ardhi na wafadhili walikuwa wameshakubaliana naye: ikichipua, atapewa kilima chote na kile cha pili, cha ng'ambo. Isipochipua, watapanda mikaratusi, naye arudi kwake. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba ardhi isiguswe mpaka ahesabu.

Na mimi nilikuwa na langu. Nimezaliwa Kasongo. Nimesoma mwaka mmoja na nusu kwa mapadri, nikasoma juzuu kadhaa kwa maalimu wa mjomba wangu, hesabu nikafundishwa na karani mmoja wa Kalemie aliyependa kusikilizwa. Baada ya hapo ni malori: Kongolo, Kolwezi, Kasumbalesa, Kapiri Mposhi. Nimeshiriki kupanda vitu vingi, mihogo, michungwa, hata ua wa minyaa wa mke niliyekuwa naye Kabalo, na kote niliondoka kabla kitu hakijachomoza. Safari hii nilitaka nikione kikitoka. Nilimwambia Mama Clotilde hivyo, na yeye hakucheka. Alisema, "Mvua ya kwanza ikinyesha tutahesabu pamoja, papa."

Hilo ndilo nililokuwa nangojea.

Kiangazi cha huku kina baridi. Asubuhi unatoka kwenye kibanda cha mabati na pumzi yako unaiona. Mwezi wa sita majani yaligeuka manjano, wa saba vijiti vya mulombwa vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti, na upepo ulivimaliza. Kilichobaki ni vigingi. Nilizunguka kilima asubuhi na jioni. Nilifyeka njia ya kuzuia moto, nikafukuza mbuzi wachache waliopotea, nikarudi nikaketi.

Upweke nilidhani naujua. Njiani mtu yuko peke yake lakini kitu kinasogea, hata kama ni mti unaopita dirishani. Kilimani hakuna kilichosogea. Nilipika bukari, ugali wa huku, nyingi kupita kiasi kila jioni, kwa sababu nilijifunza kupika kwa ajili ya watu wa lori, na kipimo cha mtu mmoja hakuna aliyenifundisha. Siku nyingine mtu alinisalimu kutoka njiani nikafungua kinywa, sauti ikakataa kutoka, nikagundua sijasema neno tangu juzi.

Aliyepita mara kwa mara ni Emérance. Alikaa kijiji cha nyuma ya kilima, na Panda alikuwa na mgahawa mdogo pembeni mwa soko, meza mbili na mabenchi. Mara ya kwanza alishusha beseni lake mlangoni pangu kupumzisha shingo, akaniuliza nalinda nini. Nikamwambia miti. Akaangalia kilima kwa muda mrefu.

"Miti gani, papa? Minye naona bijiti na mabati."

"Iko chini. Imelala."

"Imelala," akasema, akajitwisha beseni. "Papa, weye njo umelala." Yaani si miti, ni mimi.

Lakini kesho yake alisimama tena, na siku zilizofuata. Aliniletea samaki wadogo wa kukaanga, mimi nikampa bukari iliyozidi. Nilimweleza mulombwa unavyoishi, naye alisikiliza akiwa amekunja uso kama anayepimiwa unga na mtu asiyemwamini. Mume wake alikufa zamani, mtoto wake alikuwa Ndola. Siku moja, kabla hajajitwisha mzigo, aliinama akagusa ardhi karibu na kigingi kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mgonjwa. Halafu akaenda zake.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Panda wananizungumzia.

Clovis alikuja mchana, na wenzake wawili waliobaki nyuma kwa adabu. Alikuwa mchimbaji, mtu wa Kambove, mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Aliketi chini, akanipa sigara, akaniuliza hali yangu, hali ya baridi, hali ya mgongo. Kisha akasema kwamba wao ni watu wa kazi, hawapendi fujo, wanataka kujua tu teneur, yaani katika udongo ule shaba na kobalti ni kiasi gani.

Nikamwambia hapa ni miti.

Akatikisa kichwa polepole. Akaniuliza kama ni miti, kwa nini wale wanafunzi walitoboa ardhi kwa chuma kirefu cha kuzungusha, wakatia udongo ndani ya tusachet, vifuko vya plastiki, wakaandika namba juu yake, wakaupeleka Lubumbashi kupimwa? Nikamwambia walikuwa wanatafuta sumu ya shaba inayoua mizizi.

"Donc, basi, shaba iko," akasema.

Nikamweleza yote. Mzizi, moto, kiangazi cha tatu, vipande vinne, mpaka kile ambacho hakuna kilichofanywa. Hapo hasa ndipo macho yake yalipong'aa. Muzee analinda hata kile kipande kisicho na kitu? Ndiyo, nikasema, hicho hasa hakiguswi. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo alivyozidi kuniheshimu. Mwisho akasimama, akajikung'uta vumbi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Unajua kuficha kintu, muzee. Minye nimechimba Kambove, nimechimba Kolwezi. Sijaona muntu analipwa kulinda majani. Siku ukichoka, utukumbuke. Utapata fungu lako."

Siwezi kumlaumu sana. Huku Katanga, mtu akiona ardhi imewekewa vigingi vya namba, udongo umetiwa kwenye vifuko, na mzee amewekwa mlangoni, hahitaji kuambiwa. Baba yake aliona hivyo, babu yake aliona hivyo, na kila mara chini palikuwa na kitu.

Wiki ile nilikuta shimo la kwanza. Lilikuwa pembeni, halikufika kwenye miche, lenye upana wa mtu kuinama. Walikuwa wameonja tu. Nililifukia, na asubuhi nyingine nikakuta mawili. Nilipanda juu ya kichuguu kikubwa, mahali pekee rezo, mtandao wa simu, ilipofika, nikampigia Mama Clotilde. Aliogopa. Alisema ataleta msaada, na kweli kabla ya juma kwisha walikuja walinzi wawili wa kampuni moja ya ulinzi, wenye sare, buti na redio ya mkononi. Walijenga kivuli cha turubai katikati ya kilima wakasimama wakitazama barabara.

Nilifurahi, nisifiche. Nilikuwa na watu wa kula nao.

Lakini habari za sare zilifika Kambove haraka kuliko baiskeli. Kabla ya hapo walikuwa Clovis na wenzake. Sasa watu walianza kukusanyika chini ya kilima, kwanza wachache waliojifanya wanatafuta kuni, halafu wengi wasiojifanya chochote, na sururu, na magunia, na wanawake waliokuja kuwauzia chakula. Walikaa huko wakitazama juu. Hawakutukana wala hawakurusha mawe. Walikuwa wanangoja tulale au tuchoke, na mwezi wa mvua ulikuwa bado uko mbali. Mlinzi mmoja aliniuliza kwa siri kama kobalti ni ya kijani au nyeusi.

Ndipo Assani alipokuja. Assani alikuwa mtu wa kwetu, baba zetu walitoka Kasongo msafara mmoja, na yeye bado alikuwa barabarani na lori lake, akibeba simenti kwenda na samaki kavu akirudi. Aliliacha chini, akapita katikati ya wale watu, akapanda kilima kwa miguu akihema kama mvukuto. Tukasalimiana, tukaulizana watu wa nyumbani, waliokufa na waliobaki. Aliniambia kwamba Panda wanasema nalala juu ya kobalti.

"Ningekuwa nayo ningenunua viatu," nikamwambia.

Hakucheka. Alitembea nami kilima chote, akatazama vigingi, akawatazama walinzi, akatazama wale wa chini. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuchimba hapa kabla mimi sijaja. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kule ng'ambo, kwenye kilima cha pili, ambako hakuna mlinzi, kuna mtu anayechimba. Nikatazama. Palikuwa na ng'ombe mmoja.

"Basi, ndugu yangu," akasema, "weye njo alama. Bantu habatazame udongo. Banatazama weye."

Nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia kama si mimi moto ungeshapita, mbuzi wangeshakula. Akasema huenda kweli, lakini moto unachoma juu tu na mbuzi anakula juu tu, na si mimi mwenyewe niliyemwambia kwamba huko juu hakuna kitu? Wale jamaa wakipanda watageuza kilima ndani nje. Kisha akaniangalia kwa namna iliyonifanya nitamani angeendelea kunikejeli.

"Unataka kuiona ikitoka. Najua. Lakini ukibaki, haitatoka kintu."

Alishuka kwenda kulisha lori mafuta. Alikuwa anapita tena kesho kutwa, kwenda upande wa Kasenga.

Nilipanda kichuguu nikapiga simu. Mama Clotilde alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza habari ya vigingi. Nikamwambia navyo viondoke, kila kitu, kibanda, turubai, walinzi. Akafikiri. Akasema mahali pa kila mche anapo kwenye mashine yake, ataweza kuparudia hata bila kigingi. Moto aliuogopa, lakini njia niliyofyeka ilikuwa pana, tungeomba Mungu. Akakubali. Nilimwambia basi, nitakaa sehemu nyingine, na mvua ikianza nitakuja tuhesabu.

"Papa," akasema, "wakikuona umerudi?"

Sikuwa nimefikiria hapo. Au nilikuwa nimefikiria nikaruka.

"Mulombwa utakuwa bado mudogo," akasema. "Kisigino kinatosha kuuvunja. Wakikuona kule juu, watasema mulinzi amerudi, kumbe kitu kiko. Watakuja wote." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayezungumza karibu na kitanda. "Usirudi, papa. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Unisamehe."

Nikamwambia hakuna la kusamehe. Nilikaa juu ya kichuguu kile muda kidogo baada ya simu kukatika. Kilima kilikuwa cha rangi moja kutoka juu hadi chini, na ukiniuliza ningekuonyesha nini pale, nisingekuwa na kitu cha kukuonyesha.

Tuling'oa vigingi mchana kweupe. Nilitaka wote waone. Walinzi walikunja turubai wakashuka na buti zao mabegani. Vibati nilivikunja nikavitupa kwenye gunia kama takataka, na mabati ya kibanda niliyauza hapo hapo chini ya kilima kwa mwanamke aliyetaka kuezekea banda la kuku. Watu walitupisha. Mzigo wa vigingi niliuburuta hadi Panda, kwenye mgahawa wa Emérance, nikautupa karibu na jiko lake nikamwambia apikie.

Clovis alikuja nyuma yangu, na wengine nyuma yake. Mgahawa ulijaa hadi mlangoni.

"Muzee, unaenda?"

Nilianza kula kwanza. Nikamwambia wamenifukuza. Nikamwambia wamepima udongo wote Lubumbashi, teneur haifiki popote, ni vumbi la viwanda tu lililoanguka juu, chini ni udongo mbovu. Wameondoka upande wa Lualaba na mshahara wa mwezi wa mwisho hawakunipa. Nilitafuna na kusema hayo huku mdomo umejaa.

Kiangazi kizima nilikuwa nimesema kweli na hakuna aliyeniamini. Uongo huu waliumeza kabla sijaumaliza.

"Miti," akasema Clovis, akawageukia wenzake. "Bamefundisha muzee kusema miti. Na yeye akasema, miezi yote, na baridi yote ile, juu ya kilima ya bure." Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama miti yangu imeamka. Mwingine akasema aniazime blanketi niifunike. Clovis aliwaachia wacheke kidogo kisha akawanyamazisha, akanilipia chakula, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na kwa sababu mtu aliyedanganywa anaonewa huruma. Kabla ya jua kushuka walikuwa wameanza kurudi Kambove kwa makundi, sururu begani.

Mgahawa ulipokuwa mtupu, Emérance alikuwa anaosha sahani. Kigingi kimoja kilikuwa kimeshika moto chini ya sufuria yake, rangi nyeupe inabanduka. Alisema bila kugeuka:

"Donc hakukuwa kintu."

"Hakukuwa."

"Na miti?"

Watu walikuwa bado wanapita nje ya mlango. Na hata kama wasingekuwepo, Panda ni mahali ambapo neno likitoka kinywani halirudi. Yeye peke yake, katika watu wote, ndiye aliyekuwa ameanza kusikia nilichosema.

"Hakuna miti," nikamwambia.

Aliacha kuosha. "Minye nilianza kuiamini," akasema. "Nilikuwa napita naangalia."

Akakausha mikono kwenye kitambaa, akaja akasimama upande wa pili wa meza. Alisema nyuma kuna chumba kilichokuwa cha mtoto wake kabla hajaenda Ndola. Hakivuji. Mimi ni mtu mzima, njia ina baridi, yeye anahitaji mtu wa kupasua kuni na kukaa mlangoni wateja wakilewa. "Kaa, papa Mahamudu," akasema.

Kutoka kwenye mlango ule kilima kilionekana chote. Nililitazama hilo kwanza. Najijua. Mvua ya kwanza ikipiga mabati, ningetoka na kupanda, hata kwa magoti, na mtu angeniona, na angekwenda kumwambia Clovis. Na hata nisingepanda: mzee aliyefukuzwa kazi ambaye anakataa kuondoka mjini, anatazama kilima kila asubuhi, hiyo tena ingekuwa alama. Ningeweza kumweleza Emérance, tukafungia siri chumbani. Nilifikiri hivyo, nikaona atakavyokuwa anapita pale kila siku na beseni lake akijitahidi asitazame, na watu wanavyojua kusoma anayejitahidi asitazame.

Nikamwambia mimi si mtu wa kukaa.

"Hakuna aliyekuambia milele."

"Najua."

Alisubiri nitoe sababu. Alikuwa na haki ya sababu. Nilipokosa kuitoa, uso wake ulifungwa, si kwa hasira, bali jinsi mtu anavyofunga duka ambalo wateja hawakuja. Akarudi kwenye sahani. Honi ya Assani ilisikika barabarani. Nikasema aksanti kwa yote, akasema enda bien, yaani salama, na maji ya kuoshea yakaendelea kusikika nilipokuwa natoka.

Assani hakuniuliza kitu hadi tulipopita Lubumbashi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mvua ya kwanza ilinikuta Kasenga, nimelala juu ya magunia kwenye ghala la mtu. Ilianza mchana, kwa upepo mwingi, matone makubwa ya mbali mbali. Wenye ghala walikimbia kuingiza samaki. Nami nikakimbia nao, tukaingiza, na tulipomaliza nilisimama mlangoni na simu mkononi. Nilimpigia Mama Clotilde mara kadhaa. Sauti ya mwanamke ikaniambia namba haipatikani.

Tangu hapo imepita miaka. Mama Clotilde alihesabu mwisho wa mwaka ule, yeye na wanafunzi, na walikwenda kwa miguu bila gari ili wasionekane. Miche ya mulombwa zaidi ya nusu ilichipua. Visiki karibu vyote vilichipua. Mbegu zilizomwagwa zilitoa kidogo. Kipande walichokiacha hakikutoa mti hata mmoja. Alipewa kilima chote, na mwaka uliofuata akapewa cha pili. Mwezi mmoja wa kiangazi kile moto ulipita upande wa Kambove, lakini haukuvuka njia iliyofyekwa. Habari hizi Assani alizipata kwake alipopita Lubumbashi, akaniletea.

Germain aliacha kazi ya chuo, anaendesha malori makubwa ya Kolwezi. Walinzi wawili sijui majina yao wala walikoenda. Clovis aliangukiwa na udongo Kambove mvua ile ile. Walimtoa mzima, wenzake wawili hawakutoka. Anatembea kwa mkongojo na anauza vocha za simu Panda. Emérance alifunga mgahawa akamfuata mtoto wake Ndola. Namba yake sina. Assani alifariki Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori, kwa presha, na walimzika huko huko.

Mimi niko Pweto. Nalinda ghala la chumvi. Likasi sijarudi.